UZI: Klarineti ya zamani kii zinanata? Usimwage mafuta, tafuta kwanza inanata wapi

#1 – Mwanzisha uzi (Tabora)

Wakuu salaam.

Huu uzi nimeuahirisha sana, leo ngoja niuandike. Ukipita kwenye stoo za makanisa na shule hapa Tabora mjini, ukasogea mpaka Sikonge na Urambo, hukosi kukuta klarineti ya zamani imelala kwenye keisi yake na vumbi juu, ukiuliza unaambiwa hiyo ilishakufa siku nyingi. Ukiishika mkononi unakuta haijafa chochote, kii chache, yaani vile vibonyezeo vya chuma, zinanata au zinachelewa kurudi, basi, mpigaji kakata tamaa kahamia kwenye kinanda. Inaniuma hii kitu maana nyingi ya hizo ni za mbao, tena mpingo, mti wetu wenyewe, umevunwa huko kusini ukapanda meli ukaenda Ulaya ukarudi ukiwa ala ya muziki, halafu unakuja kufia stoo kwa sababu ya uchafu. Mji huu huu uliotoa bendi za Tabora Jazz na Kiko Kids!

Sasa jambo lililonifanya niandike ni hili: kii ikinata USIMWAGE MAFUTA. Najua mkono unakwenda wenyewe, mtu anachukua mafuta ya cherehani au ya kupikia kabisa, au ile dawa ya kupuliza kwenye nati zenye kutu, anamwagia pote. Kunata siyo ugonjwa mmoja wakuu. Vyanzo viko vingi na mafuta yanatibu kimoja tu, kwingine kote yanaongeza tatizo, hasa kwenye pedi, vile vimto vidogo chini ya kii vinavyoziba matundu, pedi ikishakunywa mafuta hiyo ndo basi tena, inakusanya vumbi na itanata mpaka utakapoitoa uweke nyingine.

Kwa hiyo kabla ya bisibisi kwanza vidole. Klarineti ya kawaida, huu mfumo wanaouita wa Boehm uliotengenezwa Ufaransa na mpigaji Klosé akiwa na fundi Buffet wakauonyesha Paris mwaka 1839, ina kii 17 na pete 6 za kuzunguka matundu ya vidole, na hizo kii ziko za aina mbili. Kuna zinazokaa zimefungwa muda wote mpaka uzibonyeze, mfano ile ya dole gumba la kushoto ya kupandishia sauti, zile mbili za juu za shahada, na zile nne za pembeni kulia. Na kuna zinazokaa wazi mpaka uzibonyeze ndo zifunge, mfano zile za kidole cha mwisho cha kulia zinazoshusha sauti mpaka chini kabisa. Hii tofauti ni muhimu mno maana dalili zake hazifanani. Ya kufungwa ikichelewa kurudi inaacha upepo unavuja, utasikia klarineti inapiga kelele kali ya ghafla au noti inagoma kutoka. Ya wazi ikinata inabaki imeziba tundu, unapata noti ya chini kuliko uliyoitaka.

Shika kipande kimoja, usiunganishe zote. Bonyeza kii polepole halafu iachie polepole, sikiliza na uangalie. Ikiganda kidogo halafu ikabanduka na kasauti ka "ta", hiyo ni pedi inanata kwenye ukingo wa tundu, shafti yake (chuma kii inapozungukia) nzima na springi yake (inayoirudisha) nzima, usiguse skrubu hata moja. Ikirudi kivivu safari nzima bila sauti yoyote, tatizo liko kwenye shafti au springi. Ikienda vizuri halafu ikakwama katikati basi kuna kitu kinagusana, kii imepinda. Ikining'inia haina nguvu kabisa, springi imechomoka kwenye kindoano chake au imekatika. Na kama inanata kiangazi halafu masika inapona yenyewe, hiyo ni mbao inacheza na hali ya hewa, nitaifikia.

Pedi ndo inaongoza. Pedi za zamani zimevalishwa ngozi nyembamba sana, nyembamba kuliko karatasi, na unapopuliza mvuke wa mdomo unageuka maji ndani ya klarineti, yanashuka, yanaingia kwenye matundu, yanakaa kati ya pedi na ukingo. Maji matupu yangekauka yakaisha. Shida ni tunachokula. Mtu amemaliza soda anachukua klarineti, sukari inakwenda na mate, inakaukia pale. Na huku kwetu kuna asali! Wanakwaya wanalamba asali na tangawizi kulainisha koo, sawa kwa mwimbaji, lakini mpuliza klarineti asukutue mdomo kwa maji kabla hajapiga, hilo peke yake linaondoa nusu ya kesi.

Kusafisha pedi: tafuta karatasi ya kusokotea sigara, Tabora na tumbaku yetu haikosekani. Ingiza karatasi kati ya pedi na tundu, funga kii kwa kidole taratibu tu bila kukandamiza, acha karatasi inyonye, fungua, sogeza sehemu kavu, rudia. Watu wengi wanakandamiza halafu wanavuta karatasi kwa nguvu, ile ngozi inachanika hapo hapo. Ukiivuta basi iwe kwa kulegeza kidole. Ukiona karatasi inatoka na alama ya duara ya kahawia ujue ndo ile sukari inatoka, endelea. Ikigoma, gusisha ncha ya karatasi kwenye spiriti, kidogo tu iwe na unyevu isiwe inachuruzika, bonyezea mara moja, kisha karatasi kavu, kisha acha kii wazi ikauke. Ukingo wa tundu nao upitishie kijiti cha pamba chenye unyevu wa spiriti, maana unaweza kusafisha pedi ukaacha gundi yote iko kwenye mbao.

Sasa shafti. Kii ndefu zina kibomba chembamba na ndani yake unapita mhimili wa chuma, umeshikwa na nguzo mbili. Mafuta ya zamani yanakauka humo yanakuwa kama lami, na kama keisi ilikaa kwenye unyevu chuma kinashika kutu. Hapa ndo unafungua. Piga picha kwanza na simu, kila upande. Tumia bisibisi ya fundi saa inayoingia sawasawa kwenye mfereji wa skrubu, ikiwa nyembamba sana itakula kichwa cha skrubu na hapo umejitafutia balaa. Chomoa springi kwenye kindoano chake kabla hujatoa kii. Kila mhimili weka kwenye trei la mayai kwa mpangilio wake, usichanganye hata kama inaonekana inalingana, kila mmoja umeshazoeana na kibomba chake.

Mhimili ufute kwa kitambaa mpaka ung'ae. Kibomba pitisha uzi wa pamba mnene uliochovywa kwenye mafuta ya taa, vuta huku na huku, utaona uzi unatoka mweusi tii, badilisha uzi, endelea mpaka utoke msafi, halafu malizia na uzi mkavu. Pedi iwe mbali na hayo mafuta ya taa, na moto uwe mbali na wewe. Ukirudisha ndo sasa weka mafuta ya cherehani, tone dogo la kwenye ncha ya sindano, futa linalotoka pembeni. Mafuta yana kazi hapo tu, na kwenye ncha za skrubu zilizochongoka, na chini ya zile springi bapa pale zinapoteleza.

Springi nitaongelea mkiuliza. Karibuni.

#2 – Mdau wa Kigoma

Mkuu ubarikiwe, umekuja wakati muafaka. Mimi niko Kigoma, Ujiji huku, tuna klarineti ya shule ya zamani sana ya mbao. Kii za kipande cha chini zinanata kuanzia ile ya mwisho kabisa na kuna ukungu wa kijani kwenye nguzo, pia mhimili mmoja umegoma kabisa kutoka nimeogopa kulazimisha. Huku ziwani unyevu mwingi, ndo sababu? Na hiyo kijani nikwangue?

#3 – Mchangiaji

Poda ya mtoto jamani, mbona rahisi, unapaka kwenye pedi inaacha kunata dakika hiyo hiyo. Sisi kwenye bendi yetu tunafanya hivyo miaka yote.

#4 – Mwanzisha uzi

Mkuu wa poda, ni kweli inaacha kunata siku hiyo, sikatai. Ila angalia baada ya wiki kadhaa, poda imekutana na mate imekuwa uji, uji umekauka umekuwa gamba, pedi imekuwa ngumu haifungi vizuri na sasa inavuja. Halafu poda nyingine inaingia kwenye shafti. Karatasi inachukua muda kidogo lakini inatoa uchafu, poda inaufunika. Nakuomba mjaribu karatasi kwenye kii moja tu mlinganishe.

Ndugu wa Ujiji, hongera kwa kuogopa, huo mhimili usiulazimishe. Kutu imeshaushika. Weka tone la mafuta membamba ya kupenyeza kutu kwenye maungio kwa ncha ya sindano, mwanzo na mwisho wa kibomba, siyo kupuliza, acha usiku kucha. Kesho gusa skrubu kidogo kwa upande wa KUKAZA, kadogo tu, halafu ulegeze, mara nyingi kutu inaachia hivyo. Ikigoma rudia usiku mwingine. Ncha ya pasi ya kuchomelea redio ikigusishwa kwenye kichwa cha skrubu nayo inasaidia maana chuma kinapanuka, lakini iwe kwa muda mfupi na mbao na pedi zisipate joto.

Kijani ni kutu ya shaba, kii nyingi ni aloi yenye shaba ndani hata kama inaonekana nyeupe. Ifute kwa kitambaa na spiriti kidogo, ikiwa nene tumia kijiti cha mti laini, usitumie msasa wala kisu. Na unyevu wa ziwa kweli unachangia, kikubwa usiifungie kwenye keisi ikiwa na maji ndani. Pitisha kitambaa cha pamba ndani ya kila kipande kila ukimaliza kupiga, iache nje kidogo ipumue kivulini, ndo ufunge.

Huku Tabora tatizo letu ni kinyume. Mvua zinakata kama Aprili au Mei, upepo mkavu mpaka Oktoba, mbao inanywea, nguzo zinasogeleana nywele moja tu lakini inatosha kubana kii ndefu. Utajua hivi: legeza ile skrubu ya ncha robo mzunguko, kii ikifunguka na kuruka vizuri basi umemkamata mchawi. Usiikate kii wala usiipige tupa! Masika ikija itakuwa inacheza cheza. Iache imelegea hivyo hivyo kiangazi, na kwenye keisi weka ganda bichi la chungwa lililofungwa kwenye kitambaa, libadilishe kabla halijaoza. Pete za chuma za kwenye maungio zikianza kuzunguka zenyewe ujue mbao imekauka mno.

#5 – Mwalimu wa kwaya

Vijana nawasoma. Mimi nimefundisha bendi ya kanisa miaka mingi, hilo la asali ni kweli kabisa, na miye ningeongeza maembe. Msimu wa maembe hapa Tabora watoto wanakuja mazoezini mdomo una utomvu. Tuliweka ndoo ya maji mlangoni, hakuna kugusa ala mpaka umesukutua. Pia mjifunze kushika. Mtoto anaunganisha klarineti kwa kuzikamata kii na kuzungusha, ile kii ya daraja inayovuka kutoka kipande cha juu kwenda cha chini inapinda, halafu wanasema inanata. Bonyeza pete za kipande cha juu ili daraja linyanyuke, ndo uingize cha chini, taratibu.

#6 – Mwanzisha uzi

Shikamoo mwalimu. Asante sana, hilo la daraja nililisahau na ni kubwa. Likiwa limepinda kii za juu na za chini zinapigana, moja inazuia mwenzake isifunge au isirudi, na mtu atahangaika na pedi mpaka achoke.

#7 – Mdada wa Isevya

Habari kaka, samahani, mimi yangu kii mbili zinaning'inia tu, naona kasindano kembamba kapo lakini hakajashika kitu. Na kengine kamekatika. Naweza kuweka sindano ya kushonea?

#8 – Mwanzisha uzi

Dada hako kasindano ndo springi. Kaliko hai karudishe kwenye kindoano chake kwa sindano ya kufumia vitambaa, ile yenye ndoano mbele, unavutia springi mpaka ikae kwenye kale kamfereji. Ukiirudisha bonyeza kii uone kama ina nguvu. Ikiwa legelege unaweza kuipinda kidogo sana kuelekea upande inakosukuma, lakini ikishaanza kutu usiipinde, itakatika.

Iliyokatika, ndiyo, sindano ya kushonea inaweza kukushikilia mpaka upate springi halisi. Ila sindano ya dukani ni ngumu mno inakatika kama kioo. Ishike kwa koleo ipashe juu ya mwali wa mshumaa taratibu mpaka uione imegeuka rangi ya bluu, hapo ndo toa ipoe yenyewe. Springi halisi pia utaziona ni za bluu, ndo hiyo sababu. Unene ulingane na tundu la kwenye nguzo, kichwa kikate, upande mnene upondwe kidogo ili ung'ang'anie kwenye nguzo. Kipande kilichovunjikia ndani kitoe kwa kukisukuma kilikotokea, siyo kukipitisha upande wa pili. Vaa miwani ukikata, vile vipande vinaruka.

#9 – Mchangiaji

Muda wote huo wa nini mkuu, si mnunue mpya ya plastiki muendelee na maisha?

#10 – Mwanzisha uzi

Plastiki siidharau kaka, kwa mtoto anayeanza na kwa gwaride juani ni nzuri, haipasuki. Lakini ile ya mpingo iliyoko stoo ni mali. Mpingo unachukua miaka mingi mno kukua mpaka ufae kukatwa, mti mmoja unatoa vipande vichache visivyo na nyufa. Vijiji vya Kilwa vimepigana mpaka misitu yao ikapata cheti cha FSC, kile cha kimataifa cha misitu inayotunzwa vizuri, mwaka 2009 ili mti huo uuzwe kwa haki. Halafu sisi tulio na klarineti ambayo tayari imeshachongwa tuitupe kwa sababu ya pedi za kubadilisha na shafti za kufuta? Hapana. Sikubaliani kabisa.

Ila umenikumbusha onyo. Mwenye ya plastiki asipitishe petroli wala ile dawa ya kuondolea rangi ya kucha, inayeyusha. Na kuna za zamani zinafanana na mbao lakini ni mpira mgumu, zile zikikaa juani zinageuka kahawia ya kijani, hizo usizioshe kwa maji ya moto. Kujua kama ni mbao chungulia ndani, utaona nyuzi za mti. Na ukikuta ya kale yenye kii 13 badala ya 17 usidhani zimeng'oka, ni mfumo wa zamani tu, usafishaji ni uleule.

#11 – Mdau wa Kigoma

Mrejesho wakuu! Mhimili umetoka, uzi wa kwanza kupitisha ulitoka mweusi kama masizi. Kii zote za chini sasa zinaruka, nimefurahi mno, watoto wamepiga makofi. Ila noti ya chini kabisa inatoka kwa kulazimisha, ile inayofuata juu yake iko safi. Pedi nimebadilisha? Bado.

#12 – Mwanzisha uzi

Safi sana ndugu yangu, wape hongera watoto.

Usibadilishe pedi bado. Noti ya chini kabisa inataka pedi mbili kubwa zifunge kwa pamoja, ukibonyeza kii ya mwisho inaisukuma na mwenzake kupitia kale kachuma kenye vidole kama mguu wa kunguru. Kama ulivyoirudisha kale kachuma kamepinda kidogo, au kale kakipande laini ka gome la kizibo chini yake kametoka wakati unasafisha, pedi moja inafika kabla ya nyingine na upepo unatoka. Jipime hivi: kata vipande viwili vyembamba vya karatasi ya sigara, weka kimoja chini ya kila pedi, bonyeza kii ya chini kabisa kwa nguvu ya kawaida ya kidole, halafu vuta kimoja kimoja. Vyote viwili vinatakiwa vikamatwe sawa. Kinachotoka bure ndo pedi isiyofika. Kama ni ile ya juu, bandika kakipande kembamba ka gome la kizibo, hata karatasi nene kwa kuanzia, pale mguu wa kunguru unapogusa, pima tena. Ukiweka nene sana itageuka ile ya chini ndo isifike, basi unapunguza kidogo kidogo kwa msasa laini.

Ukimaliza, ziba matundu yote ya kipande hicho kwa vidole huku umebonyeza kii ya chini kabisa, mwisho wake wa chini uzibe na goti juu ya kitambaa, nyonya upepo kwa juu. Kikinata kwenye mdomo wako sekunde chache kabla ya kuachia, kimekaza, iunganishe umpe mtoto apige. Kikiachia mara moja niandikie hapa na picha ya upande wa kidole cha mwisho, tuangalie.